Unga wa Kuharakisha Uzazi: Dawa Iliyofanya Kazi Kupita Kiasi

Hebu fikiria dada yako yuko wiki ya 39. Miguu imevimba, usingizi hauji, na shangazi amefika kutoka kijijini na kikombe cha maji ya mizizi. "Kunywa mwanangu, uchungu utakuja mapema." Wewe uliyesoma sayansi unataka kusema mambo hayo ni imani tu. Ngoja kwanza. Ukifuata historia ya dawa za uchungu utakuta jambo la kutisha zaidi: baadhi ya mitishamba hii inafanya kazi kweli.

Tuanzie Ujerumani. Mwaka 1582 Adam Lonitzer aliandika kwamba wakunga huwapa wajawazito ergoti ili kuamsha uchungu. Ergoti ni kuvu inayoota kwenye masuke ya rai, nafaka iliyo ndugu wa ngano, nayo huonekana kama punje nyeusi iliyopinda. Kipimo chake kilikuwa punje tatu. Rahisi kukumbuka, sivyo? Shida ni kwamba punje moja inaweza kuwa na kemikali nyingi na jirani yake ikawa na kidogo sana, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Madaktari waliidaka baadaye. Mwaka 1808 John Stearns wa New York alichapisha barua akiusifia unga huo, ambao alisikia habari zake kwa mwanamke mhamiaji. Sifa mojawapo aliyoitaja inanishangaza hadi leo: tangu aanze kuutumia, ni mara chache mzazi alimchelewesha zaidi ya saa tatu. Yaani muda uliookolewa ulikuwa wa daktari!

Kufikia miaka ya 1820, watoto waliozaliwa wafu walikuwa wengi kiasi kwamba daktari mwenzake wa mji huohuo, David Hosack, alisema unga huo usiitwe wa kuzalisha bali wa kuua. Alitaka ubaki kwa kazi moja tu, kuzuia damu baada ya mtoto kutoka.

Kwa nini watoto walikufa? Mji wa mimba ukikaza, unabana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma. Kwa uchungu wa kawaida si tatizo, maana msuli unakaza kisha unalegea, na hapo mtoto anapata oksijeni tena. Ergoti hukaza bila kuachia. Mtoto anakosa hewa akiwa ndani, na mji wa mimba wenyewe unaweza kupasuka. Mtoto akishatoka, mkazo huohuo unaifunga mishipa inayovuja na kumwokoa mama. Ndo maana ergometrini, iliyotengwa kutoka kwenye ergoti mwaka 1935, bado ni dawa ya hospitali, lakini hutolewa baada ya kujifungua.

Sasa usidhani hospitali zilikuwa na akili kuliko wakunga. Mwaka 1906 Henry Dale alionyesha kwamba maji ya tezi ya pituitari hukaza mji wa mimba, na miaka michache tu baadaye madaktari walikuwa wakiwachoma wazazi sindano yake. Sindano ikishaingia haitoki, na miji ya mimba ilipasuka. Ahueni ilikuja kwa kitu cha kawaida kabisa: dripu. Mwaka 1948 G. W. Theobald alieleza jinsi ya kuitoa dawa hiyo tone kwa tone. Vincent du Vigneaud akatengeneza oksitosini maabara mwaka 1953, na miaka miwili baadaye akapata Tuzo ya Nobel. Oksitosini huisha kwenye damu kwa dakika chache, kwa hiyo mtoto akionyesha dalili mbaya, mkunga anafunga dripu na mkazo unapungua.

Kikombe cha shangazi hakina pa kufungia.

Hapa Kongo inaingia. Mwaka 1960 daktari Lorents Gran kutoka Norway, akiwa huko na Msalaba Mwekundu, aliona wanawake wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili kuharakisha uzazi. Baadhi walipata mkazo mkali mno. Ndani yake alipata protini ndogo, kalata B1. Kwa kawaida protini ikichemshwa inaharibika, na ikipona inameng'enywa tumboni. Hii ilivumilia sufuria, na umbo lake lilipojulikana mwaka 1995 sababu ikaonekana: ni duara lisilo na mwanzo wala mwisho, limekazwa kwa fundo katikati. Wale akina mama walikuwa wamegundua kitu ambacho wanakemia wasingekitarajia. Ila hakuna aliyejua kikombe kimoja kina kiasi gani, na mwishoni mwa mimba mji wa mimba huwa na vipokezi vingi mno vya oksitosini, hivyo hata dozi ndogo huuamsha.

Basi dada yako akiwa ameshakunywa, usimgombeze, na shangazi usimtukane. Wakifika wodini amwambie mkunga alikunywa nini na saa ngapi, tena kabla dripu ya uchungu haijawekwa, maana mkazo wa kikombe na mkazo wa dripu hujumlishana. Mkunga akijua, anaweza kuchelewesha dripu na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto mara kwa mara.