Tufe la Bolingi, Mafuta Yasiyoonekana na Sheria Iliyosahau Kupima Ugumu

Leo tuziweke kando seva na kanzidata, tuingie michezoni kidogo. Msishtuke, teknolojia itakuwapo tele. Nataka kuwasimulia historia ya tufe la bolingi, maana huu ni mchezo ambao mvutano kati ya kifaa, mazingira na sheria umekwenda wazi kabisa kwa zaidi ya miaka mia moja. Yeyote aliyewahi kuandika programu ataitambua hadithi hii.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: unaviringisha tufe zito juu ya njia ndefu ya mbao ili uangushe pini 10 zilizopangwa kwa umbo la pembetatu upande wa pili. Chama cha American Bowling Congress (ABC), kilichoundwa New York Septemba 1895, ndicho kilichokaa chini na kuandika vipimo vya Marekani nzima. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele ni futi 60, yaani mita 18 na ushee. Tufe lisizidi pauni 16, yaani kilo 7.26. Huo ni uzito uleule wa tufe ambalo wanaume hurusha katika riadha, ila hili lina matundu ya vidole.

Kwa hiyo sheria ilipima uzito. Ikapima na ukubwa. Kumbukeni hilo, kwa sababu kuna kitu haikupima.

Kutoka mti hadi mpira

Matufe ya mwanzo yalichongwa kutoka mti uitwao lignum vitae, mti wa Karibi na Amerika ya Kati ambao ni mzito hadi unazama majini. Mwaka 1905 likaja tufe la mpira mgumu lililoitwa Evertrue, na kampuni ya Brunswick ikafuata na lake, Mineralite. Sisi tunaosema Kiswahili huita kila kitu cha duara kinachochezewa "mpira" kwa sababu ya utomvu wa mti wa mpira. Katika bolingi jina hilo lingefaa kwa miaka sabini hivi tu!

Sasa tuje kwenye njia yenyewe. Mbao zilizopakwa laka zikipitiwa na matufe ya kilo 7 kutwa kucha zitachubuka. Ndiyo maana wenye kumbi walianza kuzipaka mafuta. Yaani mafuta yalikuja kulinda mbao, hayakuletwa kwa ajili ya mchezo. Lakini kumbe yaligeuka kuwa mchezo wenyewe.

Hebu tuone kwa nini. Tufe likienda moja kwa moja na kuigonga pini ya mbele, hupoteza mwelekeo kirahisi na kuacha pini nyingine zimesimama. Likiingia kwa pembe ya kama digrii 6, kati ya pini ya 1 na ya 3 kwa anayetumia mkono wa kulia, linafagia zote. Ili upate pembe hiyo lazima tufe lipinde likiwa njiani, na ili lipinde lazima lishike njia. Penye mafuta linateleza. Penye ukavu linashika, linapinda, kisha linaviringika sawasawa hadi kwenye pini. Mafuta hufika futi 40 hivi, na sehemu ya mwisho ni kavu.

Na mafuta hayo huyaoni kwa macho. Njia nzima hupata mililita 20 hadi 30 tu, kama vijiko viwili vya chakula. Mchezaji anasoma kitu kisichoonekana kwa kutazama tabia ya tufe lake, kama vile sisi tunavyosoma kumbukumbu za seva iliyo mbali ili tujue kinachoendelea ndani yake.

1973: ndoo ya kemikali

Laka ya zamani ilikuwa hatari kwa moto, na kumbi nyingi zikahamia kwenye vanishi ngumu za poliyurethani. Njia zikawa ngumu na zenye utelezi zaidi. Wakati huohuo matufe ya plastiki ya poliesta, yaliyoingia sokoni karibu na mwaka 1960, yalikuwa yakienea. Plastiki ngumu juu ya vanishi ngumu na mafuta: tufe linapita tu kama sabuni kwenye sakafu iliyolowa.

Hapo ndipo alipotokea Don McCune, mchezaji wa kulipwa katika chama cha PBA. Alilowesha tufe lake la plastiki katika kiyeyusho cha viwandani kiitwacho MEK. Kemikali ikalainisha ganda la nje, na tufe lililolainika likaanza kushika njia. Mwaka 1973 pekee McCune alishinda mataji 6 ya PBA na kuchaguliwa mchezaji bora wa mwaka. Maisha yake yote katika PBA alipata mataji 8. Hesabuni wenyewe.

Je, alivunja sheria? Hapana. Uzito ulikuwa sawa, ukubwa ulikuwa sawa, na hakuna kifungu kilichotaja ugumu. Alisoma kanuni kama anavyozisoma mtu wa usalama wa mitandao, akitafuta kile ambacho mwandishi hakukifikiria. Wenzake walipogundua, nao wakaanza kulowesha yao. Tatizo ni kwamba MEK inashika moto upesi na mvuke wake unadhuru. Mchezo wa kuviringisha tufe ukawa ni mchezo wa watu kukaa na ndoo za kemikali.

Jibu la wakubwa lilikuwa kipimo. Kuna kifaa kidogo chenye ncha kama sindano, unakibonyeza kwenye ganda kinakupa namba ya ugumu. PBA ikasema tufe lisipungue 75 kwenye kipimo hicho, na ABC ikaweka 72. Ndoo zikafungwa na watu wakadhani mambo yamekwisha.

Sheria ikapima ugumu, watu wakatafuta msuguano

Hawakuwa wamemaliza chochote. Wachezaji hawakuhitaji ulaini kama ulaini. Walihitaji msuguano, na ulaini ulikuwa njia mojawapo tu ya kuupata. Mwaka 1981 kampuni ya AMF ikatoa tufe liitwalo Angle, lenye ganda la urethani. Liliushinda mtihani wa ugumu vizuri kabisa, na bado likashika njia kuliko plastiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 likaja ganda la resini, na tufe la Nu-Line X-Calibur lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kabisa. Resini ina vitundu vidogo mno visivyoonekana, na vitundu hivyo hufyonza mafuta. Tufe linapita kwenye mafuta likiyanywa, halafu likifika penye ukavu linakata kona ghafla.

Ndani nako hakukubaki vilevile. Wahandisi kama Mo Pinel, aliyefariki mwaka 2021, walijulikana kwa kubuni viini visivyolingana pande zote. Kiini cha namna hiyo hulifanya tufe libadilishe mhimili wake likizunguka, hivyo kila mzunguko sehemu mpya na safi ya ganda ndiyo inayogusa njia. Sasa hata mahali pa kutoboa matundu ya vidole likawa somo la kihandisi.

Matokeo yake? Mchezo kamili katika bolingi ni alama 300, yaani kuangusha pini zote kwa tufe moja mara 12 mfululizo. Katika msimu wa 1968-69 ABC ilihesabu michezo kamili 905. Msimu wa 1998-99 ilihesabu 34,470. Ni mara 38. Sidhani binadamu waliongezeka ustadi mara 38 katika miaka 30.

Tusiyalaumu matufe peke yake lakini. Kumbi nazo zilijifunza kupaka mafuta mengi katikati na machache pembeni. Ukikosea kwenda katikati, mafuta yanalisukuma tufe mbele bila kupinda sana. Ukikosea kwenda pembeni, ukavu unalirudisha. Ni kama njia yenye kingo zisizoonekana. Mteja anafurahi, anarudi wiki ijayo, na mwenye ukumbi hana sababu ya kulalamika.

Mashindanoni

Ndiyo maana mashindano makubwa hutumia mpangilio mwingine wa mafuta. Katika bolingi ya "sport" mafuta ya katikati hayazidi ya pembeni kwa zaidi ya 3 kwa 1, ambapo kumbi za kawaida zinaweza kufika 10 kwa 1. PBA nayo ikatengeneza mipangilio yake na kuipa majina ya wanyama: Cheetah ni mfupi, Shark ni mrefu, na mingineyo.

Mchezaji akishajua urefu wa mafuta, kuna hesabu rahisi wanayoanzia: toa 31. Mafuta yakiwa futi 40, 40 kutoa 31 ni 9. Njia ina mbao 39 kwa upana, basi tufe liwe karibu na ubao wa 9 kutoka pembeni mahali mafuta yanapoishia. Mafuta yakiwa mafupi, cheza pembeni zaidi. Yakiwa marefu, kaa ndani. Ni makadirio ya kuanzia tu, si amri.

Halafu shida inaanza, kwa sababu njia haikai ilivyo. Kila tufe la resini linalopita linaondoka na mafuta. Baada ya mchezo mmoja au miwili pale ulipokuwa unapita pamekauka, na tufe lililokuwa likiingia vizuri sasa linapinda mapema na kuvuka. Mchezaji husogeza miguu upande wa ndani ili afuate mafuta yaliyobaki, au hubadilisha tufe achukue lenye ganda laini la kung'aa lisiloshika upesi. Tufe la urethani nalo, kwa kuwa halinywi mafuta, huyasukuma mbele hadi penye ukavu. Kwa hiyo tufe lako linaathiriwa na la jirani unayecheza naye njia moja. Ni programu nyingi zinazoandika kwenye faili moja bila kufuli!

Kwa sababu hiyo mchezaji wa kulipwa hufika mashindanoni na matufe kadhaa: lililosuguliwa kwa msasa kwa ajili ya mafuta mengi, linalong'aa kwa ajili ya njia iliyokauka, la urethani kwa mafuta mafupi, na la plastiki la kupiga pini moja iliyobaki pembeni, kwa sababu hapo unataka liende moja kwa moja.

2022: tatizo lilelile

ABC iliungana na vyama vingine mwaka 2005 na kuwa USBC. Mwaka 2022 USBC ikajikuta palepale pa 1973. Tufe la urethani la zambarau la kampuni ya Hammer lilipendwa sana, hasa na wachezaji wanaozungusha tufe kwa kasi kwa mtindo wa mikono miwili ulioenezwa na Jason Belmonte wa Australia. Vipimo vikaonyesha kwamba matufe hayo yaliyotengenezwa 2016 na 2017 yalikuwa laini kuliko inavyoruhusiwa, na USBC ikayaondoa kwenye mashindano yake ya kitaifa. Waliokuwa wameyanunua kwa nia njema, bila ndoo wala kemikali, wakaambiwa wayaache nyumbani.

Hapa ndipo ninapoona uzito wa hadithi hii. McCune alikuwa mjanja na alistahili mataji yake, kwa sababu alicheza kwa sheria zilizokuwapo. Kosa lilikuwa la walioandika sheria, waliopima kilicho rahisi kupimika wakaacha kile walichotaka kukilinda. Walitaka kuzuia msuguano uliopita kiasi, wakapima ugumu. Ilichukua hadi 2018 kwa USBC kutangaza kipimo cha kasi ambayo ganda hufyonza mafuta, na kipimo hicho kikaanza kutumika kwa matufe mapya mwaka 2020. Hapo angalau waligusa jambo lenyewe.

Sisi tunaoandika programu tunalifanya hili kila siku. Tunapima idadi ya mistari ya msimbo tukidhani tunapima kazi. Tunapima urefu wa nywila tukidhani tunapima usalama. Kisha anakuja McCune wetu na ndoo yake, na sisi tunamkasirikia yeye badala ya kwenda kusoma upya kile tulichokiandika.

Haya, msimbo wa watu unaningoja. Tuonane wiki ijayo, na mkibahatika kuingia ukumbi wa bolingi, tazameni pale tufe linapoanza kupinda. Mafuta yameishia hapo.