Ubora wa Maisha Mbele ya Sinia: Kumpima Mgonjwa wa Saratani ya Tumbo

Mafanikio ya tiba ya saratani ya tumbo, yaani saratani inayoanzia katika mfuko wa chakula, yamezoeleka kuhesabiwa kwa miezi au miaka ambayo mgonjwa ameishi baada ya kutibiwa. Kigezo hicho hakitupwi, ila hakisemi mgonjwa ameishije. Aliyeondolewa mfuko wote kwa upasuaji huendelea kuhitaji vitamini B12 ya ziada maishani, na chakula kinaposhuka kwa kasi katika utumbo mwembamba hutokwa na jasho, moyo humwenda mbio na kizunguzungu humshika, hata akalazimika kugawa chakula chake katika milo midogo mingi kwa siku.

Ili kuyajua hayo kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, Shirika la Ulaya la Utafiti na Tiba ya Saratani liliandaa hojaji ya maswali 30 iitwayo QLQ-C30, iliyochapishwa mwaka 1993 kwa ajili ya saratani za aina zote, kisha ikaongezewa STO22, yenye maswali 22 yahusuyo tumbo: kumeza, kiungulia, kushiba upesi, kinywa kukauka. Majibu mengi huanzia 1, yaani hapana kabisa, hadi 4, yaani sana, kisha hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100. Msomaji wa matokeo hana budi kuwa mwangalifu hapa, kwani alama kubwa katika utendaji wa mwili ni heri, ilhali alama kubwa katika maumivu ni shari.

Udhaifu huanza pale watafiti wanaporipoti alama ya jumla peke yake. Miongoni mwa maswali ya STO22 limo linalouliza iwapo mgonjwa amepata shida kula mbele ya watu, nalo ni rahisi kulipita kana kwamba ni dogo. Katika nyumba za Pwani ya Afrika Mashariki, ambako wengi hula pamoja katika sinia moja, mtu anayeshiba kwa matonge matatu, akacheua, kisha akanyanyuka wenzake wakiwa bado wanakula, hupoteza zaidi ya lishe: hupoteza nafasi yake katika jamaa, na huenda akaanza kujitenga ili asiulizwe. Hasara hiyo yaweza kufichwa kabisa na wastani mzuri, ikiwa maumivu yamepungua na usingizi umerejea.

Namna ya kuuliza nayo hubadili jibu. Mgonjwa asiyesoma husomewa maswali, na msomaji akiwa ni mwanawe, mzazi aweza kusema hajambo ili asimtie mtoto simanzi. Muuguzi aliyefunzwa, akiuliza faraghani, ana nafasi bora zaidi ya kupata ukweli.

Zito kuliko yote ni suala la wasiojibu. Wagonjwa walio hoi hushindwa kujaza hojaji na wengine hufariki kabla ya kipimo cha pili, hivyo wastani wa waliobaki hupanda ingawa huenda hakuna hata mmoja aliyepata nafuu. Utafiti usiotaja ni wangapi hawakujibu kila awamu, na kwa sababu gani, haupaswi kutumiwa kuchagua kati ya tiba mbili, hata kama tofauti ya alama zake inaonekana kubwa.