Tundu la sikio na tone la dawa

Wadau, leo siasa tuziweke kando kidogo.

Juzi nilikuwa Kisawasawa, kijiji kilicho kwenye barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa. Mtoto wa jirani anatokwa usaha sikioni. Nilipouliza, bibi yake akanijibu, "Usihangaike mwanangu, akikua utaacha wenyewe."

Nikamkumbuka mwenzetu mmoja wa darasa la tatu. Tulimkimbia kwa sababu ya harufu, akahamia dawati la nyuma, na huko nyuma hakusikia kitu. Tukamwita mzito wa kichwa. Kumbe ni sikio tu.

Basi nikaanza kuchimba historia ya jambo hili.

Usaha ukijaa nyuma ya ngoma ya sikio, huitoboa. Ila wapo madaktari wanaoitoboa wenyewe kwa makusudi. Mwaka 1954 daktari Beverly Armstrong wa Marekani alieleza namna ya kuweka kijimrija cha plastiki kwenye ngoma ili maji yaliyokwama ndani yatoke na hewa ipite. Upasuaji huo ukaenea, lakini ulikuja na adha yake: baadhi ya watoto walianza kutoa usaha kupitia mrija uleule. Ndipo ikaonekana kwamba matone ya antibiotiki yakiwekwa sikioni wakati wa upasuaji, tatizo hilo hupungua.

Na usaha ukitokea baadaye? Mwaka 2014 Waholanzi walichapisha utafiti wa watoto 230 wenye mirija. Baada ya wiki mbili, waliobaki na usaha walikuwa 5 katika kila 100 waliopewa matone, 44 waliopewa dawa ya kunywa, na 55 walioachwa bila dawa. Sababu ni rahisi: tone hupita kwenye tundu na kufika penye ugonjwa likiwa na nguvu zake zote. Dawa ya kunywa inazunguka tumboni na kwenye damu kwanza, inafika kidogo.

Kwetu mirija ni ya wachache, lakini matundu tunayo, yametobolewa na ugonjwa. Wakenya walishapima hilo shuleni. Mwaka 1996 ilionekana Kiambu kwamba kukausha sikio peke yake hakuna tofauti na kutofanya kitu. Mwaka 2005 yakaja matokeo ya magharibi mwa Kenya, watoto 427: baada ya wiki mbili, masikio yalikauka kwa 59 katika kila 100 waliopewa matone ya siprofloksasini, dhidi ya 32 waliopewa asidi ya boriki.

Kwa hiyo sikio hukaushwa kwa utambi safi, kisha matone hufuata, kwa maelekezo ya mganga wa zahanati. Mafuta ya moto na maji ya majani tuyaache.

Bibi nilimweleza haya yote. Akanisikiliza, akanyamaza, kisha akauliza zahanati inafunguliwa saa ngapi.

Yule wa dawati la nyuma hakuna aliyemuulizia. Tusirudie.

Alamsiki.