Kampuni ya mashine za hesabu iliyonunua mishale

Wadau, leo tuweke msimbo kando kidogo. Wanaopenda historia ya tarakilishi wanaijua Comptometer, ile mashine ya kujumlisha kwa vitufe ambayo Dorr Felt wa Chicago alipata hataza yake 1887. Mwaka 1961 kampuni yake iliungana na Victor, na 1965 Victor wakatangaza Victor 3900, mojawapo ya mashine za kwanza za hesabu zilizotumia saketi jumuishi. Sasa sikiliza hii: mwaka 1968 Victor Comptometer ilinunua kampuni ya pinde na mishale. Naam, pinde na mishale! Jina lake ni Bear Archery, ya mji wa Grayling, Michigan.

Walichonunua hasa ni jina la Fred Bear na bidhaa moja ndogo inayokaa kwenye kiganja: kigumba cha Razorhead, yaani kile chuma cha kwenye ncha ya mshale. Historia ya vigumba vya Marekani ni tamu kuliko nilivyodhani, na inaanza na mtu mmoja aliyekuwa peke yake duniani.

Mwaka 1911 Ishi, wa mwisho wa watu wake Wayahi, alijitokeza karibu na mji wa Oroville, California. Alipelekwa San Francisco, na huko daktari Saxton Pope akajifunza kwake kutengeneza upinde na kuwinda. Ishi alichonga vigumba kwa jiwe la volkano lenye kung'aa kama kioo, na kwa vipande vya chupa pia. Alifariki 1916. Mwaka 1923 Pope alichapisha kitabu cha uwindaji wa upinde na Wamarekani wengi wakashikwa na homa hiyo. Mwaka 1925 Pope na rafiki yake Arthur Young wakafika hata Tanganyika kuwinda simba kwa mishale, wakiwa na mwandishi Stewart Edward White mwenye bunduki nyuma yao. Na bunduki hiyo haikuwa pambo.

Hapa msomaji wa Kenya atauliza: kwani Waata wa upande wa Tsavo hawakuwa wakiangusha ndovu kwa mshale bila bunduki ya mtu? Walikuwa wakiangusha. Lakini tofauti ndiyo kiini cha habari yote hii. Mshale wa Mwaata au wa Mkamba una sumu ya msunguti, ambayo husimamisha moyo. Kigumba kinahitaji tu kuifikisha sumu kwenye damu, kwa hiyo kinaweza kuwa chembamba. Kigumba cha Mmarekani hakina sumu. Kinaua kwa kukata mishipa basi, na kikiwa butu mnyama anakwenda kufa siku ya tatu kichakani, hakuna aliyefaidi. Ndiyo maana kikawa kipana, na ndiyo maana ukali wake ukawa suala la heshima na hata la sheria. Wisconsin ilipofungua msimu wa kulungu kwa upinde mwaka 1934, wapinzani walisema mishale itajeruhi tu. Jibu la mafundi lilikuwa chuma bora.

Cliff Zwickey wa Minnesota alianza na Black Diamond mwaka 1938, kigumba cha chuma kilicholehemiwa imara. Kisha 1956 Bear akatoa Razorhead. Ujanja wake ni rahisi na mimi naupenda: bapa kubwa la makali mawili unalinoa kwa tupa, halafu kuna kiwembe chembamba kinachopita kwenye upenyo katikati na kukupa makali manne. Kiwembe kikiharibika unakitupa, bapa linabaki. Sehemu inayochakaa haraka imetenganishwa na ile inayodumu. Sisi waandika programu tunalipwa kufikiri hivyo, na mara nyingi hatufikiri.

Sasa, ukikutana na kigumba cha zamani utakijuaje? Anza nyuma, si mbele. Kama shina lake ni kibomba laini chenye mteremko ndani, hicho ni cha kugandisha kwa gundi juu ya uti wa mti uliochongwa, kwa kawaida kwa pembe ya nyuzi 5. Kama kina skrubu, tazama meno yake. Kiwango kilichoenea miaka ya 1970 ni kile kiitwacho 8-32, kipenyo cha inchi 0.164 na meno 32 kwa kila inchi. Kiwango hicho kilibadilisha kila kitu, kwa sababu kigumba cha kampuni yoyote kiliweza kuingia kwenye mshale wa kampuni yoyote. Lakini usikimbilie kusema kila cha gundi ni cha kale, maana vya gundi vinatengenezwa hadi leo.

Halafu tazama pakiti, kama ipo. Bear walihamia Grayling mwaka 1947 na kiwanda kikahamishiwa Gainesville, Florida mwaka 1978. Pakiti yenye anwani ya Grayling basi ina miaka yake. Na tafadhali usisugue kutu kwa brashi ya waya ili king'ae! Rangi ya kiwandani ndiyo ushahidi, na ukiitoa umefuta kumbukumbu yenyewe.

Kukitumia ni jambo jingine. Kigumba adimu kiache kwenye kabati. Kile cha kawaida kikague kwenye lehemu, hapo ndipo nyufa huanzia, maana kikivunjika ndani ya mnyama umerudi kwenye lawama ya 1934. Unapokigandisha pasha moto shina, si bapa, na moto uwe mdogo, kwa sababu moto mkali hulainisha lehemu na kuharibu ugumu wa makali. Kisha simamisha mshale kwa ncha juu ya meza na uuzungushe kama pia. Ukiyumba, kigumba kimekaa upande na mshale hautakwenda unakotaka. Pima uzito pia: 125 kwenye vipimo vyao vya "grain" ni kama gramu 8.1, na kigumba kizito kuliko wenzake kitaangukia chini ya shabaha.

Hayo yote ni kwa walioko Marekani, ambako majimbo mengi yameweka upana wa chini unaokubalika na baadhi yanakataza vigumba vyenye miiba ya kurudi nyuma. Hapa Kenya uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1977, mwaka uleule Victor Comptometer nayo iliponunuliwa na kampuni ya Kidde.