MACDONALD, Malcolm (1901–1981)

Gavana Mkuu wa kwanza na wa mwisho wa Kenya. Alikuwa mkuu wa dola wa heshima tangu tarehe 12 Desemba 1963 hadi 12 Desemba 1964, akimwakilisha Malkia Elizabeth II, ilhali hatamu za serikali alizishika Waziri Mkuu, Jomo Kenyatta. Baba yake, Ramsay MacDonald, alipata kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Yeye mwenyewe alikuwa Waziri wa Makoloni, kisha akatumika Kanada, Malaya na India.

Mambo ya Lodwar

Cheo hicho hakifahamiki vema pasipo kutaja Lodwar, mji wa joto kali kando ya mto Turkwel, ambako Kenyatta, baada ya kumaliza huko Lokitaung kifungo alichohukumiwa Kapenguria mwaka 1953, alipelekwa Aprili 1959, si kuwa huru, bali kukaa chini ya amri pamoja na mkewe, Mama Ngina, akiwajibika kuripoti kwa Mkuu wa Wilaya. Turkana, wilaya yenye mji huo, ilikuwa wilaya iliyofungwa, haiingiliki ila kwa idhini. Mwaka 1960 Gavana Patrick Renison alitamka, kwa ukali usio na hekima, kwamba Kenyatta angewaongoza watu gizani na mautini. Mwaka huohuo chama cha KANU kikamchagua Kenyatta kuwa rais wake, serikali ikakataa, naye James Gichuru akamshikia nafasi. Februari 1961 KANU ilishinda uchaguzi, ikaapa kutounda serikali maadamu kiongozi wake yu kizuizini, hata wajumbe wa KANU na wa chama cha KADU wakaruhusiwa kumwendea Lodwar mwezi Machi. Aprili akahamishiwa Maralal, Agosti akafunguliwa.

Ugavana

MacDonald alimrithi Renison Januari 1963, akaharakisha uhuru, na tarehe 1 Juni Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Uasi wa askari wa kambi ya Lanet, Januari 1964, ulizimwa kwa majeshi ya Uingereza yaliyoombwa na serikali ya Kenyatta. Jamhuri ilipotangazwa, aliyekuwa mkuu wa dola akabaki Nairobi kama balozi wa Uingereza hadi 1965, jambo adimu. Alipenda mno kutazama ndege.

Hali ya sasa

Lodwar ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana.