Mchezo, nafasi na ulegevu: istilahi za shafti ya pikipiki

Mchezo, katika lugha ya ufundi, ni mwendo unaopotea kati ya vipande viwili vilivyoungana: cha kwanza huanza kugeuka, cha pili bado kimetulia, mpaka pengo lililo kati yao lizibike. Kiswahili hakikulazimika kukopa neno hili. Jino la mtoto likikaribia kung'oka husemwa linacheza. Jembe lililolegea hucheza kwenye mpini. Fundi naye akilitikisa gurudumu husema lina mchezo. Shida ya istilahi hii ni kwamba imebebeshwa mambo mawili: pengo lililoachwa makusudi kiwandani na pengo lililochimbwa na uchakavu. Katika pikipiki inayoendeshwa kwa shafti, anayeyachanganya huweza kufungua kasha zima bila sababu, au kuendelea kupanda chombo ambacho beringi yake imekwisha.

Pikipiki nyingi za Afrika Mashariki, zikiwamo za bodaboda, hutumia cheni na sproketi. Cheni ikilegea huonekana kwa macho. Shafti kwa kawaida imefichwa ndani ya mkono unaoshika gurudumu la nyuma, kwa hiyo uchunguzi wake hutegemea zaidi sikio na mkono. Majina ya sehemu zake yametoka chini ya malori: propela, krosi, difu, krauni na pinioni. Mengi yanafaa, ila difu inahitaji uangalifu. Kazi ya difu ni kuyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu yenye ekseli nyuma huihitaji. Ya magurudumu mawili haiwezi kuwa nayo, maana gurudumu la nyuma ni moja. Kilichomo ndani ya kasha la nyuma ni pinioni (gia ndogo) na krauni (gia kubwa) tu, zinazoupindisha mwendo kwa nyuzi 90. Kwa hiyo "kasha la nyuma" ni jina sahihi zaidi.

Mfano unaojulikana sana wa mpangilio huu ni pikipiki za BMW za Ujerumani, zilizotumia shafti tangu R 32 ya mwaka 1923. Mwendo hutoka gia boksi, hupita kwenye krosi (kiungo kinachokunjika), hufuata shafti, huingia kwenye splaini, yaani meno marefu yaliyochongwa sambamba na urefu wa shafti ili vipande viwili vishikane na bado viweze kuteleza, kisha hufika kwenye pinioni, krauni na gurudumu. Krosi ina tabia yake. Ikifanya kazi ikiwa imekunjwa, haipitishi mwendo kwa usawa: upande wa pili huharakisha na kupunguza kasi mara mbili katika kila mzunguko. Krosi mbili zikipangwa kwa mwelekeo unaotakiwa na kukunjwa kwa pembe sawa, kasoro ya moja hufutwa na ya pili. Shafti iliyofungwa vibaya baada ya matengenezo huweza basi kutetemesha chombo ilhali kila kipande ni kipya.

Ili neno moja lisibebe kila kitu, inafaa kugawa kazi kwa maneno matatu. Nafasi ni pengo lililokusudiwa na mtengenezaji, kama ilivyo nafasi ya valvu. Ulegevu ni ziada iliyoletwa na kuchakaa. Mchezo ni jumla ya hayo mawili, yaani kile ambacho mkono unakihisi. Meno ya krauni na pinioni lazima yawe na nafasi, la sivyo yakipata moto na kutanuka yatabanana na kusukuma mafuta nje. Nafasi hiyo ni ndogo, kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita. Krauni ikiwa na nusu kipenyo cha milimita 75 na tairi milimita 318, mchezo wa milimita 0.1 kwenye meno huwa takriban milimita 0.4 tu pembeni mwa tairi. Gurudumu likitikiswa gia ikiwa imeingia na tairi likasogea sentimita nzima, si haki kuilaumu krauni kabla ya kukagua kwingine. Sehemu kubwa ya mwendo huo huweza kuwa nafasi halali ndani ya gia boksi, ambamo gia hushikana kwa vidole vilivyoachiwa upana wa kuingiliana. Gia ikiondolewa, mchezo wa gia boksi hautahisika. Kinachobaki ni cha krosi, splaini na kasha la nyuma.

Kelele nazo zina hesabu yake. Pikipiki yenye gurudumu la mzingo wa mita 2, ikienda kilomita 72 kwa saa, huzungusha gurudumu mara 10 kwa sekunde. Pinioni ikiwa na meno 11 na krauni 33, shafti huzunguka mara 30. Krosi mbovu, inayotikisa mara mbili kwa mzunguko, itatoa mitetemo 60 kwa sekunde, ambayo husikika kama mvumo mzito na kuhisika miguuni. Meno ya krauni hukutana na ya pinioni mara 330 kwa sekunde, na hiyo ni sauti ya juu inayofanana na mtu anayeimba. Ndiyo maana mlio mwembamba huelekeza kwenye meno, na mtikisiko mzito huelekeza kwenye krosi.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kutenganisha injini na shafti. Chombo kikiwa kwenye mwendo, klachi hubanwa na injini kuachwa ishuke. Kelele ikishuka pamoja na injini, chanzo kiko mbele. Ikiendelea kufuata kasi ya gurudumu, chanzo kiko nyuma. Hatua ya pili ni kusikiliza mzigo. Mlio unaotokea wakati wa kuvuta na kunyamaza moto (akseleta) ukiachwa, au kinyume chake, ni wa meno, kwa kuwa kuvuta na kuachia hutumia pande mbili tofauti za jino. Ngurumo isiyojali sana moto, bali inayobadilika chombo kikilalia kona, kwa kawaida ni ya beringi. Kishindo kimoja kila moto unapofunguliwa au kufungwa ni mchezo kuzibika kwa nguvu, na hapo splaini, krosi au raba za kupunguza mshtuko ndizo za kushukiwa.

Kisha chombo husimamishwa kwa stendi ya katikati na gurudumu hushikwa juu na chini, halafu mbele na nyuma, na kutikiswa. Jicho lisikae kwenye tairi, bali kwenye kasha. Katika muundo ambao gurudumu hufungwa moja kwa moja kwenye krauni, gurudumu likicheza na kasha likatulia, beringi ya krauni imelegea. Kasha likicheza pamoja na gurudumu, zilizolegea ni beringi za maungio ya mkono unaoshika gurudumu. Gurudumu huzungushwa taratibu huku ncha ya bisibisi ndefu ikigusa kasha na mpini wake ukigusa mfupa ulio mbele ya sikio. Beringi nzima huteleza kimya. Iliyochubuka hukwaruza mahali pale pale katika kila mzunguko.

Mafuta ya kasha hutoa ushahidi uliobaki. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kama magamba ya samaki ni chuma kilichobanduka kwenye beringi au meno. Mafuta yenye rangi ya maziwa yameingiwa maji. Mafuta yakivuja upande wa gurudumu, kubadilisha oili sili peke yake huweza kuwa kazi bure, kwa sababu mara nyingi sili huharibiwa na krauni inayoyumba juu ya beringi iliyolegea.

Splaini hukaguliwa shafti ikishatolewa. Zilizo nzima zina meno yenye kichwa bapa na grisi bado nyeusi. Zilizokaukiwa grisi huacha unga wa rangi ya kutu, na meno yake huchongoka kama ya msumeno. Grisi yenye molibdeni huchelewesha uchakavu huo, lakini hairudishi chuma kilicholika. Jino lililochongoka halina nafasi tena, lina ulegevu, na dawa yake ni kubadilisha kipande.