Mvumo

mvumo nm mi- [u-/i-] 1. sauti nzito yenye kuendelea, k.v. ya ngoma, upepo au nyuki. 2. habari iliyoenea. 3. (fiz.) hali ya muda mfupi ya chembe, inayojitokeza migongano inapofikia nishati mahsusi.

Maana ya tatu. Anayetafuta stesheni ya redio huko Bungu, wilayani Korogwe, husogeza mshale wa masafa taratibu mpaka sauti ipande. Wanafizikia nao hugonganisha elektroni na positroni, wakibadili nishati hatua kwa hatua na kuhesabu matokeo. Idadi ikipanda kisha ikashuka, grafu huonyesha kilele. Ndivyo J/ψ ilivyoonekana katika maabara ya SLAC, Marekani, mwaka 1974, kwenye gigaelektronivolti 3.1 hivi, kundi la Samuel Ting liliigundua wakati huohuo huko Brookhaven kwa njia nyingine. J/ψ ni chamoniamu, yaani kwaki ya chamu iliyofungamana na antikwaki yake.

Mvumo na kilele. Maneno haya yasichanganywe. Kilele ni kile kinachoonekana. Mvumo ni hukumu juu ya kilichokisababisha. Mwaka 2005 jopo la BaBar lilitangaza Y(4260), iliyoonekana kama kilele kimoja. Mwaka 2017 jopo la BESIII, Beijing, kwa vipimo vya karibukaribu zaidi, lilionyesha sehemu mbili, iliyo kuu ikiwa karibu na 4.22. Kwa hiyo andika *kilele* mpaka ushahidi wa mvumo ukamilike.

Mithili ya chamoniamu. Hutumika kwa chembe yenye chamu na antichamu lakini isiyolingana na muundo wa kwaki mbili. Zc(3900), iliyotangazwa mwaka 2013, ina chaji ya umeme, ilhali chamoniamu haina. Basi lazima iwe na kwaki zisizopungua nne. Kuliacha neno *mithili* ni kupotosha maana.

Tanbihi. (a) *Mwangwi* ni sauti inayorudi baada ya kugonga kizuizi. Usiutumie badala ya *mvumo*. (b) Methali *Ngoma ivumayo haidumu* isipelekwe kwenye grafu. Umri wa mvumo husomwa katika upana wa kilele, si kimo chake: kipana huashiria umri mfupi, chembamba umri mrefu. J/ψ ina kilele kirefu tena chembamba, nayo hudumu kuliko mivumo mingi.